Bei ya Ngazi

Daftari ni la Rahika, la hesabu, darasa la nne.
Kurasa za nyuma tupu, na mwenyewe kalala.
Naandika: Chumba kimoja, elfu tano.
Nafuta.
Naandika: elfu saba.
Kifutio kinanukia ndizi za pipi,
na karatasi imeanza kutoboka pale penye saba.

Sabuni ya unga.
Dawa ya choo, ile kali inayoliza macho.
Ndimu za kusugulia shaba za mlangoni.
Nauli, Jang'ombe kwenda Shangani na kurudi.
Matambara bure, ni kanga zangu zilizochoka
(Kazija kanikatiza: kanga nayo uliinunua,
usijifanye ilianguka na mvua).
Mgongo wangu sijui niuweke mstari gani.

Maana nyumba za mawe hazina mwisho.
Asubuhi unafagia sakafu mpaka iwe sahani,
usiku ukuta unashusha chokaa, polepole,
kama mtu anayechekecha unga na hana haraka,
na kukicha mwenye nyumba anapitisha kidole.
Nimtoze vumbi lipi? La jana,
au na la kesho, ambalo bado limo ukutani
linangoja nivuke kizingiti?

Mama alisafisha kwa Bwana Haidari miaka kumi na tisa.
Bei yake ilikuwa "chochote mtakachojaaliwa".
Wakajaaliwa wali uliobaki.
Wakajaaliwa viatu vya mtoto wao,
kimoja kina kifungo, kimoja hakina.
Na Idi mosi wakajaaliwa kumsahau.
Magoti yalipomkataa, walikuja kumtazama,
wakakaa mkekani, wakaisifu sakafu yetu
ilivyong'ara.

Chochote.
Neno hilo nimeliandika makusudi
nipate kulikata, mistari miwili.

Juzi kapita Shekhani, binamu yangu:
"Mimi wa nyumbani, nifanyie bei ya kidugu."
Nikamuuliza, udugu ni vyumba vingapi?
Akacheka.
Vitano, na banda la kuku juu ya paa.

Leo sasa.
Nyumba ya Bi Nargis, ghorofa tatu,
anataka kupangisha wageni.
Nimevaa buibui langu la arusini.
Njia nzima midomo inakwenda, mtu angedhani navuta uradi:
thalathini na tano, thalathini na tano.
Akisema ishirini, nitashuka mpaka thalathini.
Akisema kumi, naaga, naomba maji, naondoka.
Kila neno lake nilikuwa na jibu lake,
nimelifunga kwenye pindo la mtandio.

Nikasema: Elfu thalathini na tano.
Akasema: "Sawa."

Basi. Hata mdomo sijaufunga.
Akarudi kwenye simu yake.

Nimetoka pale nimeshinda, na kilio kooni.
Mtu hasemi sawa upesi namna ile
ila mkononi alishika zaidi.
Majibu yangu yote yamerudi nyumbani kama yalivyokwenda,
fundo halikufunguliwa.

"Si umepata kazi?" anasema Kazija. "Unalia nini?"
Nimepata.
Lakini ngazi sikuzihesabu.
Nilizipanda zote kinywa kikavu, akili iko vyumbani,
kumbe vyumba ndivyo vyepesi.
Ngazi za mbao, kila moja na pembe zake mbili,
na nakshi za kando, vitundu kwa vitundu,
visivyoingia kidole, vinataka kijiti cha meno
na mtu aliyepiga magoti.
Magoti.

Rahika kanigeuzia mgongo, anaota mambo yake.
Kalamu ya risasi naiweka chini, nachukua ya wino.
Naandika: Ngazi.
Naandika nukta mbili.
Kisha nafumba macho nazipanda upya, moja moja,
ndoo mkono wa kulia, imejaa.
Kwenye ya kumi na moja nabadilisha mkono.